Mabango ya Nasser Road: Vita kwa Shilingi Elfu Mbili

Anayetaka kununua vita mjini Kampala hana haja ya kwenda mbali zaidi ya Nasser Road. Barabara hiyo fupi, inayokwenda sambamba na Nkrumah Road, ndiyo kitovu cha uchapaji cha Uganda: hapo huchapwa kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda, picha za wagombea wakati wa uchaguzi na, kwa mujibu wa utani wa wenyeji usiozeeka, stashahada ya chuo chochote utakachokitaja. Hapo pia huchapwa mabango ya rangi yenye nyuso za majemadari, marais waliopinduliwa, waasi na magaidi, ambayo wachuuzi huyabeba mkononi hadi kwenye paki za teksi, masokoni na katika miji ya mikoani. Nayapitia hapa kama bidhaa, yaani karatasi, wino, bei na kile ambacho mnunuzi anakipeleka nyumbani kwake, kwa sababu sijaona chombo kingine cha habari nchini kinachoonyesha waziwazi kiasi hiki namna picha ya vita inavyogeuka kuwa kumbukumbu ya watu wengi.

Nilinunua mabango matatu: moja la Idi Amin na wenzake, moja la Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa kaskazini mwa Uganda, na moja la Vladimir Putin. Mchuuzi alianza na shilingi 3,000 kwa kila moja, tukakubaliana 2,000 baada ya maneno machache, na bango la tatu sikulitaka hadi aliponiambia, "Chukua na Putin, mwalimu, huyo ndiye anayetembea siku hizi." Kila bango ni karatasi moja nyepesi yenye kung'aa, kubwa kiasi cha kurasa mbili za gazeti zilizokunjuliwa, iliyochapwa upande mmoja kwa mashine ya ofseti. Halina jina la mpigapicha, halina tarehe, halina jina la mahali, na mara nyingi halina hata jina la kiwanda kilicholichapa.

Karatasi hizi zimo katika saluni, vibanda vya chapati, gereji na vyumba vya wanafunzi. Gazeti la jana hufungia maandazi, lakini bango hubaki ukutani hadi jua lilimalize, na mtoto anayenyolewa chini yake kila mwezi huijua sura ya Gaddafi kabla hajajua Libya iko upande gani wa ramani. Ndiyo maana nadhani linastahili kupimwa kwa uzito ule ule tunaoutumia kuwapima wahariri.

Bango la Amin ndilo lililonichukulia muda mwingi zaidi. Amin yuko katikati katika sare yenye medali zinazoshuka hadi karibu na mkanda. Kushoto kwake ni Muammar Gaddafi mwenye miwani ya jua, na kulia ni Saddam Hussein akiwa ameinua bunduki kwa mkono mmoja. Juu yao kuna maandishi mekundu yenye kivuli cha njano yanayotaja vita vya 1979, na chini, mahali ambapo gazeti lingeweka maelezo ya picha, kuna kifaru kinachomjia mtazamaji, helikopta mbili na mlipuko wa moto. Nililikagua kwa kioo cha kukuzia. Kwenye shavu la Amin matone ya wino ya uchapaji wa zamani yanaonekana ndani ya matone ya uchapaji mpya, yakagongana na kufanya mawimbi madogo. Maana yake picha hiyo haikutoka kwenye filamu bali ilinakiliwa kutoka ukurasa wa kitabu au gazeti. Uso wa Gaddafi umekatika katika miraba midogo kama ilivyo kwa picha zilizotolewa kwenye intaneti zikiwa ndogo na kisha kuvutwa. Saddam amezungukwa na ukingo mwembamba wa kijani, mabaki ya mandhari aliyokatwa kutoka kwayo. Kwa hiyo mnunuzi anapata, ndani ya fremu moja, watu watatu waliosafiri kwa njia tatu tofauti, na aliyewaunganisha hakujisumbua kuficha mshono.

Kifaru ndicho kinachochekesha. Ni Abrams cha Marekani, aina iliyoingia jeshini mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya Amin kuikimbia Kampala, na mchanga ulio chini yake ni wa jangwani. Vita vilivyotajwa juu ya bango vilipiganwa katika vinamasi, migomba na barabara za lami. Vilianza Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalipoivamia sehemu ya Tanzania iliyo kaskazini mwa mto Kagera, vikamfanya Julius Nyerere atangaze mwezi uliofuata kwamba uwezo wa kumpiga Amin wanao, sababu wanayo na nia wanayo, na vikamalizika kwa Kampala kutekwa tarehe 11 Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Wazee wa Masaka, mji uliobomolewa mwezi Februari mwaka huo na ambao magofu yake yalidumu kwa miaka mingi, hawavikumbuki vita hivyo kwa kifaru. Wanavikumbuka kwa sauti ya saba saba, makombora ya Watanzania ambayo jina lake la Kiswahili limebaki midomoni hata mwa watu wasiolipenda neno lingine lolote la lugha hii. Sauti haichapiki. Mtengenezaji wa bango alihitaji kitu cha kuonekana, akachukua kifaru cha vita vingine vilivyopigwa picha kwa wingi zaidi.

Hata hivyo, si kila kitu katika bango hilo ni upuuzi. Kuwekwa kwa Gaddafi begani kwa Amin ni sahihi kihistoria kuliko wanafunzi wangu wanavyodhani. Libya ilituma askari kumsaidia Amin, na wengi wao walikutana na Watanzania pale Lukaya, mwezi Machi 1979, katika mji mdogo ambao leo abiria wa basi la Masaka wanaujua kwa gonja, yaani ndizi za kuchoma, na nyama ya kuchoma zinazosukumwa madirishani. Sijawahi kuona picha ya Lukaya ya mwaka huo ikitundikwa popote nchini. Bango limekosea chombo lakini limepatia urafiki, na urafiki huo una jengo lake hapa mjini: msikiti mkubwa wa Old Kampala, ambao ujenzi wake Amin aliuanzisha na Gaddafi akaugharamia hadi ukakamilika, miaka mingi baada ya Amin kuondoka.

Msomaji anaweza kusema kwamba kukata na kubandika namna hii ni ulaghai, na kwamba picha halisi ya vita iliyochapwa gazetini haina mambo hayo. Siafikiani naye. Mkasi umo katika picha zote za vita tunazozikumbuka, ila wengine huutumia kwa ustadi zaidi. Picha ya Juni 1972 ya watoto wanaokimbia mabomu ya napalm huko Trang Bang, Vietnam, ambayo katikati yake yuko Kim Phuc akiwa uchi na mikono wazi, dunia inaijua katika umbo lililopunguzwa kingo. Katika fremu kamili, upande wa kulia, yuko mpigapicha mwingine anayeshughulika na filamu ya kamera yake, na kuwapo kwake hubadilisha kabisa jinsi jicho linavyoisoma barabara ile. Zaidi ya miaka 50 baadaye bado kuna mabishano kuhusu nani hasa aliipiga: shirika la Associated Press linaendelea kumtambua mpigapicha wake Nick Ut, ilhali World Press Photo, lililoipa tuzo, lilisimamisha utambuzi huo mwaka 2025. Picha inayojulikana kuliko zote za vita vile haina hakika ya mwenyewe, na hilo halijapunguza nguvu yake hata kidogo.

Ichukuliwe pia picha ya Eddie Adams ya tarehe 1 Februari 1968, ya mkuu wa polisi wa Vietnam Kusini akimpiga risasi ya kichwa, mjini Saigon, mfungwa aliyefungwa mikono. Tukio hilo lilinaswa vilevile na kamera ya televisheni, na mkanda wenyewe una mwendo, una mtu anavyoanguka, una kila kitu ambacho picha haina. Lakini kinachotajwa na watu ni picha. Imesimama, hivyo mtu anaweza kuibeba kichwani. Au uangushaji wa sanamu ya Saddam katika uwanja wa Firdos mjini Baghdad, tarehe 9 Aprili 2003: kamera zilizobana karibu zilionyesha umati uliojaa, na zile zilizorudi nyuma zilionyesha uwanja wenye nafasi nyingi tupu. Televisheni zilichagua. Bango la Nasser nalo limechagua, na tofauti ni kwamba uchaguzi wake unaonekana hata kwa mtoto, kwa kuwa jua linampiga Amin kutoka kushoto na kumpiga Gaddafi kutoka kulia.

Nikisema hivyo simaanishi kwamba mhariri wa gazeti na fundi wa Nasser ni watu wa kazi moja. Mhariri mwaminifu huweka maelezo chini ya picha: nani, wapi, lini, nani alipiga. Mstari huo mdogo ndio unaomruhusu mtu wa baadaye kurudi nyuma na kuuliza maswali, na ndio unaotupwa wa kwanza picha inapohamia kwenye bango. Kwa upande wangu hii ndiyo kasoro kubwa kuliko zote za bidhaa hii, kubwa kuliko kifaru cha Marekani.

Ipo hazina nyingine ya picha inayofaa kuwekwa kando ya bango la Amin ili mnunuzi ajue anachokosa. Katika jengo la shirika la utangazaji la taifa, UBC, zilikutwa negativu zipatazo 70,000, nyingi zikiwa za miaka ya Amin, zilizopigwa na wapigapicha wa Wizara ya Habari. Mwaka 2019 sehemu ndogo yake ilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda. Mle Amin anacheza ngoma, anakagua gwaride, anahutubia. Washukiwa wa magendo wamepangwa mbele ya bidhaa walizokamatwa nazo. Akina mama wanapiga makofi. Mpigapicha wa serikali alikuwepo kila palipokuwa na jukwaa. Katika miaka hiyo minane, ambayo makadirio yanayotajwa sana husema iliua hadi watu 300,000, hakuna aliyetumwa na kamera mahali watu walipouawa kwa siri, na kwa sababu hiyo hazina hiyo kubwa imejaa furaha ya kupangwa. Mtu akiangalia zile picha bila kuambiwa, atadhani ameona nchi yenye sherehe nyingi.

Hapo ndipo bango na hazina ya serikali vinapokutana. Vyote viwili vinamwonyesha mwenye bunduki akiwa amejiandaa kupigwa picha. Fundi wa Nasser hakuvumbua upendeleo huo. Aliurithi kutoka kwenye picha alizozikuta, kwa kuwa huwezi kukata kwa mkasi kitu ambacho hakuna aliyekipiga. Kumbukumbu yetu ya miaka ya sabini imejengwa kwa sura za Amin kwa sababu sura za Amin ndizo zilizokuwepo, zikiwa safi, zikiwa na mwanga mzuri, na zikiwa bure.

Bango la Kony ni gumu zaidi kulitazama, nami nakiri kwamba sikulitundika. Kichwa ni cha Kony kama alivyoonekana mwaka 2006 alipojitokeza Ri-Kwangba, mpakani mwa Sudan na Kongo, wakati wa mazungumzo ya amani ya Juba, na picha chache za siku zile ndizo zinazoendelea kutumika hadi leo kwa kuwa baada ya hapo ni nadra sana kuonekana mbele ya kamera. Kiwiliwili si chake. Ni cha mtu mwenye misuli ya waigizaji wa sinema za mapigano, kifua wazi, mkanda wa risasi umevuka bega. Shingo ya mmoja haikutani vizuri na mabega ya mwingine, na mshono umefunikwa kwa mnyororo wa dhahabu ambao nadhani fundi aliuchora mwenyewe.

Ni rahisi kumlaumu fundi kwa kumfanya mtu huyu shujaa wa sinema, lakini inabidi kukumbuka kilichotangulia. Tarehe 5 Machi 2012 shirika moja la Kimarekani, Invisible Children, lilitoa filamu fupi iitwayo Kony 2012 iliyotazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya siku chache. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kumfanya Kony ajulikane kiasi kwamba serikali za dunia zisiweze kukaa kimya, na mpango wake ulikuwa kwamba usiku wa tarehe 20 Aprili vijana wayafunike majiji yao kwa mabango yenye uso wake. Mabango! Yalitoka kwenye mashine bora kuliko za Nasser, yakiwa na rangi mbili tatu zilizochaguliwa na wasanifu waliosomea, lakini kazi yalikusudiwa kufanya ni ile ile: uso mmoja, mkubwa, bila tarehe. Wakati huo waasi wa Kony walikuwa wameshaondoka Uganda tangu miaka sita nyuma.

Filamu hiyo ilipoonyeshwa hadharani mjini Lira wiki moja baadaye, watazamaji wengi wakiwa ni watu walioguswa na vita wenyewe, mkutano uliisha kwa hasira na mawe. Walitegemea kujiona, wakamwona Kony tena, na wakamwona Mmarekani na mwanawe mdogo. Sidhani kuna tukio jingine katika historia ya habari ya nchi hii linaloonyesha vizuri zaidi pengo lililopo kati ya kumbukumbu inayotengenezwa na vyombo vya habari na kumbukumbu ya waliokuwepo. Katika miaka mibaya zaidi ya vita hivyo karibu watu milioni mbili wa kaskazini walikuwa wakiishi kambini, na maelfu ya watoto walitembea kila jioni kwenda kulala barazani na hospitalini mjini Gulu ili wasitekwe usiku. Wapigapicha wa kigeni waliwapiga picha watoto hao, na picha hizo zilizunguka dunia katika magazeti kwa miaka kadhaa, kisha zikatoweka. Anayebaki ni Kony.

Nilimuuliza mchapaji mmoja, mzee wa makamo anayefanya kazi katika chumba kisicho na dirisha chenye harufu ya wino na mafuta ya mashine, kwa nini hakuna bango la watoto wale. Hakukasirika. Aliendelea kupanga karatasi kwa kuzigonga kingo juu ya meza, akasema, "Mwalimu, nani atatundika huzuni saluni?" Kisha akaeleza kwa utaratibu kwamba ofseti haina faida mpaka uchape nakala nyingi, kwamba mabamba ya kuchapia yanagharimu fedha, na kwamba mtu mwenye saluni anataka mteja acheke au abishane akiwa anasubiri zamu yake. Kwa hesabu ya biashara yuko sahihi. Na hata nje ya biashara, sina hakika kwamba ningependa kuona maiti za Barlonyo, ambako mwaka 2004 waasi waliua watu wengi katika kambi moja ya Lira, zikiuzwa kwa shilingi 2,000 kwenye paki ya teksi. Bamba la kumbukumbu pale linataja watu 121 na wenyeji wanasema ni zaidi ya 300. Ubishi huo haungetatuliwa na bango.

Isitoshe, Uganda imeshaonja upande wa pili. Baada ya vita vya msituni vya 1981 hadi 1986, mafuvu ya waliouawa Luweero, eneo lililo kaskazini mwa Kampala, yalipangwa kando ya barabara, wapigapicha wakaja, na picha za mafuvu hayo zikawa ndiyo sura ya vita vile. Waliokufa, kwa mara moja, walikuwa mbele ya kamera. Lakini fuvu halina jina, halina kabila, halina chama, na ndiyo maana linaweza kusemeshwa lolote. Katika kampeni za urais za mwaka 1996 picha za mafuvu zilirudi kama matangazo ya upande wa serikali, kuwakumbusha wapiga kura kitakachotokea iwapo watu wa zamani watarudi madarakani. Watu waliokuwa watoto mwaka huo bado wanaweza kukueleza picha ile jinsi ilivyokuwa, mistari ya mifupa meupe juu ya meza, ingawa wengi wao hawawezi kutaja hata kijiji kimoja cha Luweero. Nikilinganisha hilo na bango la Amin lenye kifaru cha kuazima, naona kwamba bango la Nasser lina madhara madogo zaidi, kwa sababu halimwombi mtu kura.

Putin nitampitia kwa haraka. Bango lake ni la kisasa zaidi, picha zote zimetoka intaneti, na rangi ni kali kiasi cha kuumiza macho. Vita vya Ukraine, vilivyopanuka Februari 2022 kwa uvamizi wa Urusi, havimo kabisa ndani yake: hakuna jengo lililobomoka, hakuna mkimbizi, kuna ndege za kivita na mtu mmoja mwenye uso usiocheka. Mchuuzi anasema anauzika kwa kuwa "hawaogopi wazungu," ingawa sikutaka kubishana naye kuhusu rangi ya Putin. Ni bango linalomhusu mnunuzi zaidi kuliko vita.

Kuhusu ubora wa kazi yenyewe, nitakuwa mkali kidogo. Rangi hazikukaa mahali pake katika bango la Kony, ambapo nyekundu imeteleza upande mmoja hadi midomo imekuwa nje ya mdomo. Njano hufifia kwanza. Bango nililoliweka karibu na dirisha lilianza kugeuka samawati kabla ya muhula kwisha. Karatasi huchanika kwenye mikunjo, na wachuuzi hupenda kukunja mara nne ili itoshe mkononi, hivyo mstari wa mkunjo hupita katikati ya pua ya mtu. Tahajia ni ya kubahatisha. Kwa upande mwingine, weusi wa wino ni mzuri, na jicho la fundi katika kupanga nyuso, nani awe mkubwa, nani aelekee wapi, ni la mtu anayejua kazi. Bango huonekana kutoka upande wa pili wa barabara, na hilo ni jambo ambalo mabango mengi ya mikutano ya mashirika hayaliwezi.

Simu zimeipunguza biashara hii. Yule aliyekuwa akinunua bango ili awe na Gaddafi ukutani sasa ana Gaddafi kwenye kioo cha simu, pamoja na mkanda ule wa kutisha wa Oktoba 2011 uliochukuliwa kwa simu pale Sirte alipokamatwa, akiwa na damu usoni, akizungukwa na vijana wanaopiga kelele. Inafaa kutaja kwamba mabango niliyowahi kuyaona hayakuutumia uso ule wa mwisho. Gaddafi wa Nasser Road amebaki na miwani, wima, akiwa hai. Wachapaji wamekataa picha ambayo dunia nzima iliitazama, na wateja wao wamekubaliana nao.

Darasani bidhaa hii imenifaa kuliko nilivyotarajia. Nalitandaza bango la Amin mezani na kuwataka wanafunzi wa kidato cha tatu wataje kila kipande kimetoka wapi: sare ya mwaka gani, kifaru cha nchi gani, kivuli kinaangukia upande upi. Baada ya hapo nawapa picha ya gazeti la wiki hiyo na kuwataka wafanye vivyo hivyo. Zoezi la pili huwashinda, kwa kuwa gazeti halina mishono inayoonekana, nao huanza kuuliza nani alisimama wapi na nini kiliachwa nje ya fremu. Mwanafunzi mmoja kutoka Kitgum aliuliza kama tunaweza kutengeneza bango letu la vita vya kaskazini, lenye watu badala ya Kony, lenye mstari wa maelezo chini yake. Tulikwenda kwa yule mzee. Alikubali, mradi tulete picha zetu na ruhusa ya wenye picha, na akakataa kutuwekea hata helikopta moja, akisema kwa uzito kabisa kwamba hizo ni za wateja wa barabarani.

Kwa atakayetaka kununua: aende siku ya kazi kabla ya saa sita mchana, kwa kuwa jioni wachuuzi wanakuwa wameshaondoka na mzigo mzuri, aombe karatasi ifunuliwe yote kabla ya kulipa, alikatae lililokunjwa, achukue lililoviringishwa na kufungwa kwa mpira. Mwenye kutaka nakala moja ya bango lake mwenyewe hatachapiwa kwa ofseti bali kwa mashine ya kidijitali, ambayo kwetu iligharimu shilingi 25,000, na apeleke picha katika ukubwa wake wa asili kwenye diski mweko, kwa sababu picha zilizopitia WhatsApp hubanwa na zikikuzwa hugeuka miraba kama uso wa Gaddafi.